Taiti Ina Sponji, Mbona Bado Naumia? Kutafuta Chanzo cha Maumivu ya Safari Ndefu ya Baiskeli

Ukitoka Mtwara mjini kwa baiskeli, hadi Mikindani hakuna anayelalamika. Ni kama kilomita 10 tu, na hata siti iliyopasuka itakufikisha. Malalamiko huanza mbele ya hapo, saa ya pili au ya tatu, kwenye vilima vya kuelekea Mnazi Mmoja, jua limeshapanda na Lindi bado iko mbali. Hapo ndipo mtu aliyetoa pesa yake kununua taiti yenye sponji anapoanza kujiuliza amenunua nini.

Mara nyingi taiti haina kosa. Kazi zake ni mbili: kuzuia ngozi isisuguliwe, na kupunguza mtikisiko unaopanda kutoka barabarani. Haina uwezo wa kurekebisha siti iliyofungwa juu mno, siti iliyoinua pua, wala siti isiyolingana na mifupa yako. Kwa hiyo kabla hujarudi dukani kutafuta sponji nene zaidi, jiulize: panauma wapi hasa, panaanza kuuma baada ya muda gani, na maumivu yenyewe yakoje? Yakiwa ya kuwaka, ni msuguano. Yakiwa ya kupondwa, ni uzito uliokaa mahali pamoja. Ikiwa ni ganzi, kuna mshipa wa fahamu au wa damu uliobanwa. Haya ni matatizo tofauti, na dawa ya moja huweza kuzidisha jingine. Mfano mzuri ni mfuniko wa jeli unaowekwa juu ya siti: anayeumia mifupa huufurahia kwa nusu saa, anayekufa ganzi huzidi kuharibikiwa.

Ndani ya mapaja na kinena panawaka

Hili ndilo kubwa kwa sisi wa pwani, kwa sababu ya fukuto. Ngozi iliyolowa jasho hulainika, na ngozi laini huchubuka upesi.

Anza na swali ambalo watu huona haya kuliuliza: ndani ya taiti umevaa nini? Taiti ya baiskeli huvaliwa bila chupi. Sponji yake imeshonwa ili mishono isipite sehemu unayokalia. Ukivaa chupi ndani, umeirudisha mishono hiyo palepale ilipoondolewa. Tena chupi ya pamba hunyonya jasho na kulishikilia, ukawa unasugua kinena kwa kitambaa kibichi njia nzima. Nimewaona watu wakibadilisha siti, wakibadilisha hata baiskeli, kumbe kilichokuwa kinawachubua ni lastiki ya chupi.

Kinachoruhusiwa ni kuvaa kitu juu. Huku kwetu kukatiza sokoni Chikongola na taiti iliyobana si jambo ambalo kila mtu atalifurahia, na wala hulazimiki. Vaa kaptula pana, suruali nyepesi ya mazoezi, au gauni lisilofika kwenye cheni. Sharti ni kwamba nguo hiyo ya juu isiwe na mshono mnene katikati ya miguu. Suruali ya jinzi juu ya taiti ya sponji ni pesa iliyotupwa.

Kama chupi si tatizo, angalia kama sponji inahama. Taiti ikiwa kubwa, sponji hubaki kwenye siti wakati mwili unasogea, na msuguano unaanza. Taiti sahihi hukubana kidogo ukiwa umesimama wima, kisha hukaa vizuri ukiinama kushika usukani. Ukiona mikunjo nyuma ya paja au sponji inaning'inia, hiyo si saizi yako. Wakati mwingine saizi ni sawa ila hukuivuta juu vya kutosha wakati wa kuvaa. Zipo zenye mikanda ya mabegani, na kwa safari ndefu hizo ndizo bora, maana sponji haiendi popote na lastiki haikubani tumbo. Tatizo lake ni chooni, ambako lazima uvue na shati, na kwa wanawake adha hiyo ni kubwa zaidi.

Kisha kuna chumvi. Jasho linapokauka kwenye kitambaa huacha chembe za chumvi, nazo hukwaruza. Ndiyo maana wengi husema, "Kwenda nilikuwa salama, kurudi ndiko nilikoumia." Wamekaa kivulini saa mbili wakinywa madafu, jasho limekaukia mwilini, wakapanda tena baiskeli na taiti ileile. Mbaya zaidi ni anayekwenda Msimbati, akaingia baharini na taiti, kisha akarudi mjini nayo hivyohivyo. Mchanga mwembamba umeshaingia kwenye sponji na chumvi juu yake. Kama unajua utaogelea, beba nguo nyingine ya kuogelea, au ukitoka majini jimwagie maji yasiyo na chumvi na uvae taiti kavu.

Mafuta ya kupaka husaidia, mradi unajua yanafanya nini. Zamani sponji haikuwepo. Katikati ya kaptula za waendesha baiskeli wa Ulaya palishonwa ngozi laini ya mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi. Ngozi ile ilikuwa ikikakamaa ikishafuliwa, kwa hiyo walipaka mafuta kuilainisha. Leo sponji ni ya kiwandani na haihitaji kulainishwa. Anayehitaji mafuta ni wewe, kwenye ngozi inayosuguana. Mafuta ya nazi yapo kila nyumba, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo mchana wa Mtwara ni maji matupu: yatanywewa na kitambaa kabla hujafika mbali. Mafuta ya mgando hudumu zaidi, ingawa ni magumu kutoka kwenye sponji wakati wa kufua. Krimu nzito ya watoto yenye zinki hufanya kazi vizuri pia. Chochote chenye harufu ya mentholi kiache kwenye kifua.

Ukishamaliza hayo yote na bado unachubuka, lawama sasa ihamie kwenye siti. Siti pana ya springi, ile ya baiskeli kama Phoenix, ina mabawa mapana. Ukikaza mwendo, paja husugua ukingo kila unapozungusha pedeli. Na siti ikiwa juu mno, nyonga hucheza kulia na kushoto kwa sababu kila mguu unanyoosha kuitafuta pedeli. Mwombe mwenzako akae nyuma yako akutazame. Akiona kiuno kinayumba, mwambie fundi ashushe kidogo.

Mifupa miwili ya makalio inauma

Kama umeanza kuendesha mwezi huu, subiri kwanza. Mwili huhitaji wiki kadhaa kuzoea, na njia ya kuuzoesha ni kwenda mwendo mfupi mara kwa mara, siyo kwenda Lindi mara moja kisha kupumzika mwezi mzima. Maumivu ya mgeni hukaa kwenye mifupa yenyewe, kulia na kushoto sawa, na hupungua wiki hadi wiki.

Yasipopungua, pima. Chukua kipande cha boksi gumu, kiweke juu ya kiti cha mbao au ngazi ya saruji, kalia, weka miguu juu ya tofali ili magoti yapande, kisha inama kidogo. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 10 na 15, na kwa wastani wanawake huwa na nafasi pana kuliko wanaume. Siti ya mtu anayeinama iwe pana kuliko kipimo hicho kwa sentimita 2 hivi, na ya mtu anayekaa wima izidi hapo. Siti nyembamba kuliko mifupa yako haina msaada, hata uvae taiti mbili.

Hapa ndipo suala la aina ya baiskeli linapoingia, na sioni likisemwa vya kutosha. Taiti nyingi zinazofika kwetu zilishonwa kwa mtu anayeinama mbele, usukani uko chini. Sponji yake imesambaa kuelekea mbele. Wewe uko kwenye baiskeli ya usukani uliopinda, mgongo umenyooka, na uzito wako karibu wote uko nyuma kwenye mifupa miwili. Sponji nene iko mahali usipokalia, na ulipokalia ni nyembamba. Ukichagua taiti kwa baiskeli ya namna hiyo, tafuta ambayo unene umekaa nyuma na umetanuka. Vilevile jizoeze kusimama kwenye pedeli kila unapoona shimo au tuta, maana ukikaa wima kila pigo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Angalia na upepo wa tairi. Mafundi wengi hujaza mpaka tairi halibonyei, kwa sababu mteja akiona gumu anaridhika. Kwenye lami ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50 zile, utavumilia. Ukiingia kwenye changarawe na vumbi kuelekea vijijini, tairi gumu hukufikishia kila kokoto. Punguza kidogo, lisifike mahali rimu inapogonga chini.

Taiti hii hii zamani ilikuwa nzuri

Basi imekufa. Sponji na uzi wa kuvutika vyote huchoka, na taiti ya mtumba huenda ilichoka kabla haijapanda meli. Ukiwa sokoni, bonyeza sponji kwa kidole gumba kwa nguvu kisha achia. Ikirudi upesi, ina uhai; ikibaki na bonde, iache. Halafu nyosha kitambaa cha nyuma na ukiangalie juani. Ukiona nyuzi nyeupe, au ukisikia mlio mdogo wa kukatika unaponyosha, uzi wa kuvutika umekwisha, na watakaokuwa nyuma yako barabarani wataona zaidi ya walichotaka kuona.

Unene usikudanganye. Aliyewahi kulalia godoro la bei rahisi, nene na laini, anajua linavyobonyea hadi ubao uguse mbavu. Sponji ya taiti ni hivyohivyo. Inayofaa safari ndefu ni iliyoshindiliwa, hata kama unene wake ni mdogo. Sponji nene na nyepesi hufyonza jasho jingi, hupanda katikati ya mapaja, na ikifika saa ya pili imelala.

Kwa wanawake kuna la ziada. Kwenye mitumba taiti nyingi za baiskeli ni za kiume, zenye unene au mfereji mbele uliokusudiwa mwili mwingine. Ya kike ni pana nyuma, fupi, na mbele hupita bila mshono wa katikati. Kuvimba na kuuma sehemu za mbele baada ya safari mara nyingi hutokana na hilo, au na pua ya siti iliyoinuka.

Msamba unakufa ganzi

Hili usilivumilie. Ganzi ni dalili kwamba uzito umetoka kwenye mifupa ukahamia kwenye nyama laini katikati, ambako mishipa ya fahamu na ya damu ya sehemu za siri hupita. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka si mwisho wa nguvu za kiume, kama wanavyotishana vijana vijiweni, lakini kuizoea kila safari ni ujinga.

Anza na pua ya siti. Weka ubao mnyoofu juu ya siti, baiskeli ikiwa mahali tambarare, uone inaelekea wapi. Inatakiwa ilale sawa, au pua ishuke kidogo sana. Kwenye siti nyingi za kawaida ni nati moja kila upande chini ya siti: legeza, sawazisha, kaza sana. Ukishusha pua kupita kiasi utaanza kuteleza mbele na mikono itabeba mwili. Ganzi itahamia kwenye viganja.

Kisha urefu. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Watu wengi huweka siti chini ili wakisimama nyayo zote mbili ziguse ardhi. Ni salama kwenye foleni ya bodaboda, lakini safarini miguu haibebi uzito wa kutosha na kila kilo inashukia kwenye siti. Magoti nayo hulalamika kwa mbele. Ukipandisha, usivuke alama iliyochorwa kwenye bomba la siti.

Kuna visababishi ambavyo havimo kwenye baiskeli. Ukitoka Lindi kuja Mtwara miezi ya kusi, upepo unakupiga usoni. Unajikunja kuupunguza, kiuno kinalala mbele, na unakaa muda mrefu bila kusimama kwa sababu ukisimama upepo unakurudisha. Kupanda kwenda Newala nako, baiskeli imeinuka mbele, pua ya siti imeinuka nayo, na wewe umesogea hadi nchani ukisukuma. Na msimu wa korosho, mwenye gunia refu kwenye keria hana nafasi ya kukaa nyuma. Gunia linamsukuma mgongoni njia nzima. Katika hali zote hizi dawa ni ileile: simama kwenye pedeli kila baada ya dakika 10 au 15, hata kama husikii chochote, ukihesabu hadi ishirini. Kwenye gunia, lifunge kwa kulilaza.

Siti zenye tundu au mfereji katikati huwasaidia wengi. Mfuniko wa jeli na siti laini mno, kinyume chake, humeza mifupa na kuinuka katikati, palepale unapotaka pasiguswe.

Ganzi ikikaa saa kadhaa baada ya safari, au ikiathiri kukojoa au tendo la ndoa, acha baiskeli na umwone daktari.

Upande mmoja tu

Toa simu mfukoni. Kama siyo simu, ni pochi. Kama siyo hizo, tazama siti kutoka nyuma: siti ya plastiki iliyoachwa juani hupinda, reli hulegea upande mmoja, springi moja hukatika. Siti ikiwa sawa, pengine mguu mmoja ni mfupi au krenki (mkono unaoshika pedeli) imepinda, na hapo fundi mzuri au mtaalamu wa viungo atafaa kuliko taiti mpya.

Vipele, jipu na muwasho

Vipele vidogo kwenye vinyweleo hutokea ngozi iliyochubuka inapokaa na jasho na bakteria. Vua taiti mara unapofika. Usiketi nayo mgahawani ukisubiri pweza. Oga, kausha, vaa kitu kinachopitisha hewa, na pumzisha siti siku mbili tatu. Kunyoa asubuhi ya safari huongeza tatizo, kwa sababu nywele zinazoota huingia ndani ya ngozi. Kupunguza kwa mkasi kunatosha.

Kikiwa kigumu, chekundu, kinauma ukikigusa, hilo ni jipu. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, usilikamue, usipande baiskeli. Likikua, wekundu ukisambaa, ukipata homa au mtoki, nenda hospitali. Mwenye kisukari asisubiri hata hayo. Kwenye njia ya Masasi kuna Nyangao na Ndanda, Lindi mjini kuna Sokoine, Mtwara kuna Ligula.

Muwasho wenye duara, ukingo umeinuka na katikati pamepauka, kwa kawaida ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku hufaa, na huendelezwa hata baada ya muwasho kuisha, hadi wiki 2 au zaidi. Jihadhari na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa bila maelezo: hutuliza muwasho siku ya kwanza, fangasi wakaendelea kutambaa chini kwa chini.

Na fangasi hao hukaa kwenye sponji ambayo haikukauka. Taiti hufuliwa kila baada ya safari, kwa mkono, sabuni ya kawaida, isuuzwe hadi povu liishe, maana sabuni iliyobaki nayo huwasha. Dawa ya madoa na ya kulainisha nguo ziache kabisa. Igeuze ndani nje, sponji ipate hewa. Juani muda mfupi, kisha kivulini, kwa sababu jua kali la kutwa nzima hula uzi wa kuvutika. Pasi ya mkaa isiikaribie. Miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, sponji nene huweza kuchukua siku mbili kukauka, kwa hiyo ni bora kuwa na taiti mbili za wastani kuliko moja ya bei kubwa. Ibonyeze ndani ya taulo kavu ukiikanyaga kwa miguu, itatoa maji mengi kuliko kukamua, na haitaharibu umbo. Ikiwa alfajiri ya safari ukiibana bado inaacha unyevu kidoleni, vaa ile ya pili. Kama huna ya pili, safari ianze saa nne.